Jaribu kuchora "wasingalituandikia"

Chukua neno moja tu la Kiswahili: wasingalituandikia. Kisha chukua karatasi na penseli, ulichore.

Mtu anayeandika barua utamchora bila shida. Kundi la waandishi upande mmoja na kundi la wapokeaji upande wa pili, nalo linawezekana. Ugumu unaanza kwenye "-si-", kwa sababu barua hiyo haikuandikwa. Ukiichora halafu ukaikata kwa msalaba, anayetazama hajui kama umesema haikuandikwa, imepigwa marufuku au imepotea njiani. Bado kuna "-ngali-", inayosema kwamba jambo lenyewe lilitegemea jambo jingine ambalo nalo halikutokea, na kwamba wakati wake umeshapita. Herufi 18 zimebeba nani, hapana, lini, kama, na kwa ajili ya nani. Nimejaribu mara kadhaa kulichora neno hili na sijapata mchoro ambao mtu mwingine angeusoma akarudi na neno lilelile.

Ninalileta neno hili kwa sababu ya mjadala usioisha kuhusu namna ya kutengeneza programu za kompyuta. Upande mmoja unasema maandishi ni mzigo tuliorithi: mabano, nuktamkato, herufi moja ikikosewa kila kitu kinasimama. Afadhali tuvute visanduku kwa kipanya na kuviunganisha kwa nyaya, kwa kuwa macho huelewa picha kabla hayajaelewa neno. Upande wa pili unajibu kwa dharau kwamba hayo ni mambo ya watoto. Pande zote mbili zinanisikitisha, kwa sababu zote zinadhani zinajua picha ni nini na maandishi ni nini, na historia ya maandishi ya binadamu inaonyesha kwamba mpaka huo hauko pale wanapouweka.

Ahadi ya kuchora programu ni ya zamani kuliko wengi wanaoitoa leo. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, alionyesha Sketchpad, programu iliyomwezesha mtu kuchora moja kwa moja kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga. Mwaka 1966 ndugu yake Bert aliwasilisha hukohuko tasnifu kuhusu kuchora programu zenyewe. Mwaka 1986 ikaja LabVIEW, ambamo wahandisi na wanasayansi huunganisha vyombo vya kupimia kwa nyaya za kwenye skrini. Scratch, ambayo mamilioni ya watoto wamejifunzia, ilitolewa 2007. Mwaka 2014 injini ya michezo ya video ya Unreal Engine 4 ikaja na Blueprints, njia yake ya kuunganisha visanduku kwa nyaya. Zana hizi zimefanya kazi kubwa na ya kweli. Hata hivyo hakuna iliyoyaondoa maandishi, na kila kizazi kinatoa udhuru uleule: skrini zilikuwa ndogo, mashine zilikuwa dhaifu, wanaprogramu wana kiburi. Skrini zimekua, mashine zimepata nguvu, na udhuru umebaki.

Chini ya ahadi hiyo kuna hadithi kuhusu maandishi ambayo wengi tuliimeza shuleni bila kuitafuna. Inasema kwamba hapo mwanzo watu waliandika kwa picha, kila mtu akazielewa, kisha makarani wakazikausha mpaka zikawa herufi ambazo lazima ufundishwe. Kwa hadithi hiyo, kurudi kwenye picha ni kurudi kwenye lugha ya asili ya macho.

Wamisri wa kale ndio shahidi wa kwanza kuitwa, na ndio wanaoiangusha kesi. Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya waliamini kwamba kila ndege, jicho na nyoka kwenye kuta za mahekalu ni wazo kamili lililochorwa. Katika karne ya 17 Athanasius Kircher, padri Mjesuiti aliyeishi Roma, alichapisha tafsiri nyingi kwa imani hiyo. Jina tupu la farao mmoja alilisoma kuwa sentensi ndefu kuhusu fadhila za mungu Osiris na ibada takatifu. Hakuwa mjinga, alikijua Kikopti, mjukuu wa lugha ya Misri ya kale, kuliko karibu Mzungu yeyote wa wakati wake. Alikosea kwa sababu aliona picha na akaamini anachokiona.

Jean-François Champollion, msomi Mfaransa, alifanya kitu cha kawaida zaidi: alihesabu. Jiwe la Rosetta lina tangazo lilelile kwa Kigiriki na kwa Kimisri, na matini yake ya Kigiriki ina maneno 486. Ya hieroglifu, yaani yale maandishi ya picha ya Wamisri, ingawa sehemu yake kubwa imevunjika, ina alama 1,419. Haiwezekani kila alama iwe wazo. Mwaka 1822 alitangaza kile ambacho hesabu ilikuwa inamsukumia: sehemu kubwa ya zile picha ni sauti. Mdomo si mdomo, ni "r". Maji yenye mawimbi si maji, ni "n". Ukuta mzima wa ndege na nyoka ulikuwa ukitamka.

Kwa nini mtu achore mdomo ili aandike "r"? Msemaji wa Kiswahili anaweza kulielewa jambo hili bila kufika Misri. Tuseme huna herufi hata moja na unataka kuandika "kaa hapa". Kukaa hakuchoreki vizuri, kwa sababu mtu aliyeketi anaweza kuwa anapumzika, anasubiri au anatawala. Lakini kaa wa baharini anachoreka, magamba na koleo zake. Unamchora, na msomaji anasikia "kaa". Vivyo hivyo paa wa porini atakuandikia kupaa, na ukitaka atakuandikia paa la nyumba. Kuanzia hapo mchoro umeacha kuwa picha ya mnyama na umekuwa picha ya neno. Wasumeri, watu wa kale wa kusini mwa Iraki ya leo, walifanya hivyohivyo yapata miaka 5,000 iliyopita: mshale waliuita "ti", na uhai, ambao hauna umbo, nao ulisikika "ti", basi mshale uliochorwa kwenye udongo ukaandika uhai. Wachina hadi leo huandika mama kwa kuunganisha alama ya mwanamke na alama ya farasi. Farasi hahusiki na umama kwa lolote. Yupo kwa kuwa jina lake hutamkwa "ma". Zaidi ya asilimia 80 ya alama za Kichina zimejengwa kwa ufundi huo wa nusu maana, nusu sauti.

Kwa hiyo picha hazikukaushwa na makarani wavivu. Zilifika mahali ambapo haziwezi kuendelea. Hazikuweza kuandika majina ya watu, hapana, labda, wala kesho, na zilipofika ukutani zilijishika kwenye lugha iliyosemwa na kuvuka. Mfumo unaitwa maandishi kamili tangu siku hiyo.

Sasa rudi kwenye skrini ya Scratch na uitazame kama Champollion alivyoitazama hieroglifu.

Kuna rangi nyingi na maumbo yanayoshikana kama vipande vya fumbo la picha. Lakini juu ya kila kipande kuna nini? Maneno. "Rudia mara 10." "Kama … basi." "Subiri sekunde 1." Futa rangi zote, na mtoto bado ataisoma programu. Futa maneno ubakishe rangi na maumbo, na hata mtu aliyeitengeneza programu hiyo atakwama. Kuna ushahidi mwingine ambao naona unatosha peke yake: Scratch imetafsiriwa katika lugha zaidi ya 70. Picha haihitaji mkalimani. Kinachotafsiriwa ni lugha, na bloku za Scratch ni lugha iliyoandikwa juu ya vigae vya rangi. Tunaziita programu za picha kama Kircher alivyoziita hieroglifu maandishi ya mawazo, na kwa kosa lilelile la kuamini macho.

Iko Scratch ambayo kweli imeyaacha maneno. Ni ScratchJr, iliyotoka 2014 kwa ajili ya watoto wa miaka 5 hadi 7, ambao wengi wao hawajajua kusoma. Bloku zake zina aikoni tu: mshale wa kwenda kulia, mshale wa kuzunguka, saa ya kusubiri. Ni kazi nzuri kabisa. Nawaheshimu walioitengeneza, na mtoto anaweza kusimulia nayo hadithi yenye wahusika wanaotembea na kuongea. Ila angalia kilichobaki nje mara maneno yalipoondoka. Vigeu, yaani majina yanayobeba thamani inayobadilika, havimo. Bloku ya "kama … la sivyo" haimo. Watengenezaji walikuwa na sababu za kimalezi za kurahisisha, nami nazikubali. Lakini tazama vitu gani vilirahisishwa kwanza: jina, ambalo picha za kale zilishindwa kuliandika, na sharti, lilelile tulilolishindwa kulichora kwenye "wasingalituandikia".

Mtu atasema hilo ni suala la ubunifu, kwamba mchoraji hodari zaidi angepata aikoni ya sharti. Charles Bliss aliamini hivyo kwa maisha yake yote. Mwaka 1949 alichapisha mfumo wa alama za maana tupu, zisizotegemea sauti ya lugha yoyote, akitumaini kwamba mataifa yakisoma alama zilezile yangeacha kudanganyana kwa maneno. Dunia haikuuchukua. Mfumo ulipata makazi yake mwaka 1971 katika kituo kimoja cha watoto wenye ulemavu Ontario, Kanada, ambako watoto wenye mtindio wa ubongo wasioweza kuongea walianza kuelekeza alama kwenye ubao na kusema, kwa mara ya kwanza, wanachokitaka. Jambo hilo ni kubwa na sitaki kulipita kama mfano wa kushindwa. Alama hizo zilimpa sauti mtu asiyekuwa nayo. Lakini mwalimu alikuwa karibu, neno la lugha yao liliandikwa chini ya kila alama, na kwa watoto wengi alama zilikuwa ngazi ya kupandia kwenye kusoma.

Hapo ndipo ninapoudhika na matangazo ya zana za "programu bila msimbo", yaani bila maandishi ya programu. Yanasema kwamba maandishi ni ya wateule na picha ni za umma. Historia ilikwenda kinyume kabisa. Hieroglifu za kipindi cha kati cha Misri zilikuwa alama zipatazo 750, na kuzijua kulikuwa kazi ya tabaka dogo la makarani waliosomeshwa tangu utotoni. Alfabeti haikutoka kwao. Maandishi ya kialfabeti ya zamani zaidi tunayoyajua yamekutwa jangwani, kwenye mawe ya Wadi el-Hol na kwenye machimbo ya feruzi ya Serabit el-Khadim, Sinai, yakiwa yameandikwa kwa lugha ya Kisemiti iliyosemwa na wageni katika nchi ya Wamisri. Walichukua picha chache, kichwa cha ng'ombe, nyumba, maji, wakaipa kila moja sauti moja, na mengine yote wakayaacha. Kile kichwa cha ng'ombe ndicho A unayoisoma sasa hivi, kimepinduliwa pembe chini.

Zana nyingi za kuburuta visanduku zinaturudisha upande wa makarani. Kila kisanduku ni alama iliyochongwa na kampuni: hiki kutuma barua pepe, hiki kuchuja jedwali, hiki kulipia. Orodha inafika mamia, kila kimoja na aikoni yake na tabia zake za kukariri. Ukihitaji jambo ambalo halimo kwenye orodha, unasubiri kampuni ikuchongee alama mpya au unafungua kidirisha kidogo pembeni ambamo, baada ya ahadi zote, unaandika msimbo. Herufi chache zinazoungana bila kikomo humpa mtu wa kawaida kitu ambacho alama 750 hazimpi: uwezo wa kuandika neno ambalo hakuna aliyewahi kuliandika.

Je, picha hazina nafasi? Zinayo, na mahali pake panaweza kutambuliwa kwa swali moja: nafasi kwenye ukurasa ina maana?

Kwenye muziki ulioandikwa kwa nota, ina maana. Nota iliyo juu inasikika juu, iliyo kulia inasikika baadaye. Huwezi kuisogeza bila kuubadilisha wimbo. Ndiyo maana mfumo ule umedumu tangu Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia, aliporatibu mistari yake katika karne ya 11, na hakuna anayedai kwamba simfonia ingesomeka vizuri zaidi kama aya za maneno. Lahajedwali nayo inapita mtihani huo, kwa kuwa safu ni kitu na mstari ni kitu, na seli iliyo hapa si sawa na iliyo pale. Tangu VisiCalc ilipotoka 1979, lahajedwali imewafanya watu wasiojiita wanaprogramu waandike programu kila siku, na naamini ndiyo zana ya picha iliyofanikiwa kuliko zote. Hata hivyo ndani ya seli kuna fomula, na fomula ni maandishi.

Mafundi umeme wa viwandani wana mfano wao. Kompyuta za kuendeshea mitambo zilipoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1960, zilipewa lugha inayofanana na ngazi: nguzo mbili za umeme na vidato vya swichi katikati. Mchoro huo hawakuubuni kwa ajili ya kompyuta. Ulikuwa ndio mwandiko ambao mafundi wa rilei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, tayari walikuwa wakiusoma, na kwa hiyo haukuwa rahisi kwa sababu ni picha. Ulikuwa rahisi kwa sababu walikwishajua kuusoma. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61131-3, kilichotoka 1993, kilikuwa na busara ya kutochagua upande. Kiliweka lugha za michoro na lugha za maandishi pamoja, na fundi achanganye.

Visanduku na nyaya vinafanya vibaya kwenye swali lile la nafasi. Katika zana nyingi, ukikitoa kisanduku juu ukakipeleka chini programu inabaki ileile. Ukurasa umejaa nafasi ambazo hazisemi kitu, na jicho haliwezi kujizuia kuzitafutia maana. Niliwahi kurithi programu ya vipimo iliyochorwa kwa nyaya, mwenyewe akiwa ameshaondoka. Ilikuwa kubwa kuliko skrini mara nyingi, na nilitumia siku mbili nikifuata uzi mmoja wa njano uliopita nyuma ya visanduku vingine thelathini. Siku ya tatu nilitambua kwamba nilichokuwa nakisoma ni juhudi za mtu kuzuia nyaya zisipishane. Programu yenyewe ningeieleza kwa aya mbili. (Katika Max, zana ya wanamuziki, nafasi ina maana kwa namna inayoshtua: ujumbe hutoka kwa kufuata kulia kwenda kushoto, hivyo kusogeza kisanduku ili ukurasa upendeze kunaweza kubadilisha mpangilio wa utekelezaji.)

Si mimi tu niliyehangaika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti Thomas Green na Marian Petre waliwapa watu waliozoea LabVIEW programu zilezile kwa michoro na kwa maandishi, wakapima muda wa kuzielewa. Michoro ilichukua muda mrefu zaidi. Baadaye Petre alieleza jambo ambalo mwalimu yeyote wa kusoma atalitambua: kutazama si kusoma. Mchoro mzuri wa mtaalamu unasomeka kwa sababu yeye na wenzake wana mazoea ya wapi pa kuweka kitu gani, na mgeni haoni mazoea hayo. Picha nayo ina wasiojua kuisoma.

Na kuna wale walioanza na picha zinazowafaa kabisa, kisha wakaziacha kwa hiari. Hawa ndio mashahidi ninaowaamini zaidi. Saketi ya elektroniki ni kitu kinachochoreka kwa asili. Ni nyaya kwelikweli. Chipu ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista 2,300 hivi, na watu waliweza kuichora. Katika miaka ya 1980 idadi ilipita kiasi ambacho mchoro unabeba, na wasanifu wakahamia lugha za maandishi, Verilog na VHDL, wakiacha kompyuta igeuze maneno kuwa saketi. Wanakemia bado huchora molekuli, na wako sahihi, maana molekuli ina umbo. Lakini katika miaka hiyohiyo ya 1980 walihitaji pia kuzitafuta ndani ya kompyuta, kuzilinganisha na kuzitumiana, na David Weininger akabuni mwandiko wa mstari mmoja uitwao SMILES. Ethanoli, pamoja na kaboni zake mbili na oksijeni yake, ikawa CCO. Mchoro ulibaki kwa ajili ya jicho, na mstari ukashika kazi ya kutafutwa na kukumbukwa.

Hata mantiki ilipita njia hiyo. Mwaka 1879 mwanamantiki Gottlob Frege alitoa mwandiko wa mantiki uliosambaa ukurasa mzima kwa matawi ya mistari, ambao sharti na matokeo yake unaviona vikining'inia. Waliokuja baada yake walichukua mawazo yake na kuyaandika kwa mwandiko wa mstari wa mwanahisabati Giuseppe Peano. Alama ya Frege ya ⊢ ilisalia, ikiwa imewekwa ndani ya mstari kama herufi nyingine.

Nikiishia hapa, wale wa upande wa dharau watafurahi, na sitaki wafurahi. Wao husema maandishi ni maandishi, mstari wa herufi tu, mengine ni pambo. Kwa karne kadhaa Kilatini cha kale kiliandikwa hivyo, herufi zikifuatana bila nafasi kati ya maneno, na Mrumi alikisoma kwa sauti bila kulalamika kwa kuwa kilikuwa lugha yake. Nafasi kati ya maneno ilienezwa na watawa wa Ireland kuanzia karne ya 7. Kilatini kwao kilikuwa lugha ya kigeni. Walihitaji kuona neno linaishia wapi. Mwanya ule mweupe ni uvumbuzi wa picha. Haubebi sauti, unabeba umbo, na umetoka kwa wanafunzi. Leo hakuna msomi anayeona aibu kuutumia.

Uandishi wa programu umejaa mianya ya namna hiyo. Tunasogeza mistari ndani ili kuonyesha kipi kiko chini ya kipi, na Python tangu 1991 imeufanya usogezaji huo kuwa sarufi. Vihariri vinapaka maneno rangi. Tunaacha mstari mtupu kati ya wazo na wazo. Katika lugha nyingine nyingi, msimbo uliochapwa bila haya yote, kila kitu kwenye mstari mmoja, mashine itausoma na binadamu atakimbia. Jicho liko kazini muda wote. Kiswahili nacho kilikaa karne kadhaa katika herufi za Kiarabu, ambazo hazikuwa na alama ya kutenganisha "e" na "i", wala "o" na "u", na "p" mara nyingi iliazima "b". Tenzi ndefu ziliandikwa na kusomwa hivyo, kwa sababu msomaji alikuwa tayari ameibeba lugha kichwani. Kila mwandiko humwachia msomaji sehemu ya kazi. Anayeanza, asiye na cha kubeba kichwani, anahitaji aachiwe kidogo.

Mwandiko ninaoupenda kuliko yote kwa ajili ya mjadala huu ni wa Kikorea. Mfalme Sejong alikamilisha herufi zake mwaka 1443 na kuzitangaza 1446, akisema wazi kwamba ni kwa ajili ya watu wa kawaida ambao herufi za Kichina ziliwashinda. Ni alfabeti, kila herufi ina sauti. Lakini umbo la herufi nalo linafundisha: ㄴ, yaani "n", ni ulimi uliogusa juu nyuma ya meno, ㄱ, yaani "g", ni mzizi wa ulimi unaoziba koo, ukiongeza kistari inakuwa ㅋ, sauti ileile ikiwa na pumzi zaidi. Kisha herufi hazipangwi foleni. Zinakusanywa katika mraba mmoja kwa kila silabi, ili jicho lipate silabi kwa mkupuo. Hakuna kitu kilichochorwa hapo, si mnyama wala nyumba. Kilichochorwa ni muundo wa lugha yenyewe.

Kwa macho ya Sejong, thamani ya Scratch haiko kwenye rangi zake wala paka wake wa nembo. Iko kwenye matundu. Bloku inayotoa ndiyo au hapana ina ncha kali pande zote mbili; inayotoa namba au neno ina pande za mviringo. Tundu la "kama" lina ncha kali, kwa hiyo namba haiingii. Mtoto hahitaji kuambiwa kwamba sharti lazima liwe ndiyo au hapana. Mkono wake unalijua hilo kabla ya kichwa. Umbo linasema ukweli kuhusu sarufi, kama ㅋ inavyosema ukweli kuhusu pumzi. Waandishi wa lugha za maandishi za wakubwa wametumia miaka mingi kueleza makosa ya aina hiyo kwa ujumbe mwekundu usioeleweka, na bado hawajafikia uzuri wa lile tundu. Natamani watengenezaji wa zana waache kuchonga aikoni mpya wakatazame hapo: waache maneno yawe maneno, na waupe muundo wake umbo ambalo jicho na mkono vinaweza kulishika.

Kwa miaka sita ya kwanza Scratch haikumruhusu mtoto kuunda bloku yake mwenyewe. Angeweza kupanga bloku za wengine mpaka skrini ijae, lakini rundo la bloku ishirini zinazomfanya paka aruke halikuweza kupewa jina na kuitwa kwa jina hilo. Mwanaprogramu Jens Mönig, baadaye akishirikiana na watu wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, alitengeneza toleo lililoliruhusu jambo hilo kabla Scratch yenyewe haijafanya hivyo, katika toleo la 2.0 la mwaka 2013. Leo kipo kitufe cha kutengeneza bloku. Mtoto akikibonyeza, bloku ya waridi inatokea ikisubiri jina. Haina aikoni, na hakuna orodha ya kuburuta kitu kutoka humo. Kuna kisanduku cha kuandikia, na mtoto anaacha kipanya, anausogeza mkono kwenye kibodi, na kuanza kutafuta herufi ya kwanza.